Kitanda cha nne kimekula?

Niliulizwa hivyo saa saba mchana, nimesimama mlangoni mwa wodi na chupa ya uji mkononi. Sista alikuwa na daftari lake, kalamu kaichomeka kwenye nywele, uso umechoka. "Kaka, kitanda cha nne kimekula?" Kwenye kitanda cha nne alikuwa amelala baba yangu.

Nikajibu, "Kimekula kidogo."

Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Nilipofika kitandani nikakaa, nikamfuta baba mdomo, na mkono wangu ukawa unatetemeka. Kazi yangu ni kufundisha falsafa. Kwa miaka 11 utafiti wangu wote umekuwa juu ya jambo moja: namna Kiswahili kinavyomtambua mtu ndani ya sentensi. Nimelisomea, nimeliandikia, nimelitetea mbele ya watu wanaojua kubisha. Siku lilipokuja kwangu lenyewe, nilimwita baba yangu kitu.

Sina kinyongo na yule dada. Alikuwa peke yake na wodi nzima, wagonjwa wawili wamelazwa chini kwenye godoro, na vitanda ndiyo hesabu aliyopewa ashike. Hospitali siitaji jina. Lililonikaa rohoni ni jibu langu, na ndilo lililonifanya niandike haya, miezi minane baada ya kumzika mzee.

Nianzie darasani. Nafundisha Dar es Salaam, lakini kwetu ni Tanga, Ngamiani, na neno "nyumbani" halijawahi kuhama kutoka huko. Masomo yangu ni matatu: mantiki kwa mwaka wa kwanza, nadharia ya maarifa kwa mwaka wa pili, na falsafa ya Kiafrika kwa wanaomaliza. Mihadhara ni ya Kiingereza, mitihani vilevile, kama ilivyo kuanzia sekondari. Wanafunzi wameuzoea utaratibu huo. Wanaandika, wanakariri, wanafaulu. Ila hawabishi, na falsafa bila kubisha ni kama ngoma iliyolowa.

Mwaka mmoja, tukiwa kwa Descartes, nilichoshwa na ule ukimya. Mwanafalsafa huyu Mfaransa, mwaka 1637, alieleza alivyotilia shaka kila kitu alichodhani anakijua, macho yake, mwili wake, dunia nzima, akabakiwa na jambo moja asiloweza kulitilia shaka: kwamba anafikiri, na kwa kuwa anafikiri basi hawezi kuwa si chochote. Nikaandika ubaoni: "Nafikiri, kwa hiyo..." Nikaacha nafasi, nikawaambia wamalizie kwa Kiswahili.

"Nipo," wakasema wengi.

Kijana mmoja wa Pangani, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo, akauliza kutoka nyuma: "Nipo wapi, Prof?"

Darasa likacheka. Mimi nilihisi mwili unanisisimka, kwa sababu lile lilikuwa swali hasa. Descartes alitaka kuwapo kusikotegemea mahali popote, maana mahali pote alikwisha kupatilia shaka. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Ukitaka kusema upo, huna budi uchague: nipo, pale panapojulikana, niko, huko kusikobainika, nimo, ndani ya kitu. Mahali pameshonewa ndani ya neno, huwezi kupatoa bila kuchana nguo. Binti mmoja wa Muheza akasema basi tutumie "mimi ni". Akaulizwa na wenzake, wewe ni nini? Maana "ni" nayo inadai kitu mbele yake, haisimami peke yake. Wa tatu akasisitiza kwamba neno sahihi ni nimo, kwa sababu huyo Mzungu anazungumza akiwa amejifungia ndani ya kichwa chake. Kipindi kikaisha hatujaafikiana. Walitoka wakibishana mpaka kwenye ngazi, na sauti zao nilizisikia hadi chini.

Hoja hiyo ina wenyewe waliotangulia. Alexis Kagame, padri wa Rwanda, aliigusa katika kitabu chake cha mwaka 1956. Kwasi Wiredu wa Ghana akaieleza kwa lugha yake ya Kiakan, ambamo kuwapo ni kuwa pale. Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alituachia shauri ambalo mimi nimelifanya sheria ya kazi: tatizo la kifalsafa lililokuja na lugha ya mgeni lipeleke kwenye lugha yako, uone kama bado ni tatizo. Likiyeyuka, huenda lilikuwa la lugha ile tu. Likibaki, basi ni letu sote.

Kagame alikwenda mbali zaidi. Alizitazama ngeli za Kinyarwanda akaona humo mafungu manne ya vyote vilivyopo: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kitu kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Nilipokisoma nikiwa mwanafunzi nilikosa usingizi. Niliona babu zetu wamekwisha kuifanya falsafa, imebaki kazi ya kuisoma kwenye ngeli kama mtu anavyosoma kitabu. Kisha nikamsoma Paulin Hountondji wa Benin, ambaye mwaka 1976 alikataa katakata mambo ya namna hiyo. Falsafa kwake haikuwa busara iliyolala ndani ya kabila zima ikingoja mtafiti aiamshe. Ilikuwa hoja ya mtu anayejulikana, iliyoandikwa, inayoweza kukosolewa. Na kweli, ngeli huwezi kuikosoa. Ngeli haijasema kitu.

Kwa miaka mingi nilikaa katikati ya hawa wawili, nikimpenda wa kwanza na kumwamini wa pili. Walionitoa hapo ni wanafunzi, wawili, ndani ya kipindi kimoja.

Nilikuwa nafundisha hayohayo ya Kagame. Nikauliza: kama ki- ni ya vitu, mbona tunasema kipofu, kiziwi, kiwete? Je, wazee waliowapa watu majina hayo walikuwa wamewatoa kwenye utu? Darasani alikuwamo kijana asiyeona, aliyekaa mbele kabisa na mashine yake ya nukta nundu, ambayo mlio wake tulikuwa tumeuzoea kama wa feni. Mashine ikanyamaza.

"Mimi ni kipofu, Prof," akasema. "Hiyo ki- ya mwanzoni nimeikuta. Mimi huwa nasikiliza inayofuata. Mtu akisema yule kipofu amekuja, sina neno naye. Akisema kile kipofu kimekuja, hapo nimeshajua ananionaje."

Kila anayezungumza Kiswahili anaelewa alichokisema. "Mzee amefika" na "kizee kimefika" wanaweza kuwa mtu yuleyule, mlango uleule, saa ileile. Aliyebadilika ni msemaji. Nilikuwa bado najaribu kulipokea jambo hilo, mkono ukainuka safu ya pili.

"Prof, mbona tunasema mbwa wangu lakini baba yangu? Mbwa amepewa wa- ya watu, baba amepewa ya- ya nyumba na meza. Kama utu umo kwenye upatanisho, mbwa amemshinda baba."

Sikuwa na jibu, nikamwambia sina. Nikamwambia pia kwamba swali lake nitaondoka nalo. Ijumaa ile nikapanda nalo basi la Tanga.

Ni safari ya kilomita kama 350, Chalinze, Segera, Muheza, na Muheza ukipita msimu wa machungwa basi zima linanuka maganda. Watu husema Tanga waja leo, kuondoka majaaliwa. Mimi nilikuwa nakuja kumwona mtu mmoja. Watu wakisikia kwamba anayefundisha falsafa ni mtu wa Tanga huniuliza kuhusu Shaaban Robert, ambaye ni wa pwani hii yetu, na wana haki kuuliza. Lakini mlango nilioingilia mimi ulikuwa baraza la baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Singer ya kukanyaga, chuma cheusi, maua ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita. Januari ilikuwa sare za shule, Ramadhani kanzu, na katikati ya mwaka mapindo, zipu na viraka. Wazee walikuja alasiri, wakakaa kwenye benchi na kahawa, na mjadala ukaanza bila mtu kuutangaza. Nakumbuka mmoja uliokula saa mbili nzima: mteja amekufa kabla ya kuchukua suruali yake, je, suruali ni ya nani, na ujira wa fundi anadaiwa nani? Mmoja alishikilia kwamba deni linamfuata marehemu. Mwingine akasema nguo isiyolipiwa bado ni kitambaa tu. Wakatenganisha kitambaa na mshono, mali na kazi, ahadi na kitu kilichoahidiwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, naokota pini sakafuni kwa sumaku. Nilipofika chuo kikuu na kukutana na mijadala juu ya umiliki na kazi, niliitambua kama mtu anavyomtambua jirani aliyehama.

Baba mwenyewe alikuwa mtoto wa manamba, na hili lazima nilieleze vizuri kwa wasiotoka Tanga. Mkonge ulikuja kwetu mwaka 1893. Aliyeuleta alikuwa Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo yakaota mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kazi ya kukata majani yale yenye miiba ilihitaji watu wengi kuliko walivyokuwa tayari kuifanya wenyeji, ambao walikuwa na minazi yao na bahari yao. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua mikoa ya mbali na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, na jina lao likatoka hapo: manamba. Babu alitokea Songea. Siku zake za kazi zilihesabiwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, siku 30 zijae ndipo alipwe. Mkataba ulipoisha hakurudi. Alisilimu, akamwoa binti wa Kidigo, akazikwa huku. Namba yake ya shambani baba aliikumbuka hadi uzeeni, na hakupenda kuitaja.

Lakini tazama walichofanya watu kwa neno lile. Namba ni kitu, na wingi wake ungekuwa wa vitu. Pamoja na hayo, aliyewaona wakishuka kwenye lori hakusema manamba yamefika. Alisema manamba wamefika. Mwandikishaji aliwapa namba, na mtu wa kando ya barabara, bila kukusudia kumtendea yeyote wema, akawarudisha kwa watu.

Nadhani ndiyo maana baba hakuweka namba kwenye nguo za wateja. Mafundi wengi huweka, na ni utaratibu mzuri: kikaratasi kwenye nguo, kikaratasi kwa mwenye nguo. Yeye alikata ukanda wa kitambaa cheupe, akaandika kwa kalamu, akaubana na pini. Majina hakuandika, maana Ngamiani majina yanajirudia. Aliandika alichokiona. "Mama anayecheka kabla hujamaliza kusema." "Kijana wa baiskeli nyekundu, bega la kulia limeshuka." "Bwana asiyetaka mfuko wa nyuma." Nilipomwuliza kwa nini anajipa kazi hiyo, alisema, "Baba yangu alikuwa namba miaka saba. Inatosha."

Nilijaribu kumfanyia utafiti. Mwanafalsafa Odera Oruka wa Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alitufundisha kwenda kwa wazee na kuwahoji: kuwauliza, kuwapinga, ili tujue nani anarudia ya wahenga na nani anafikiri kwa kichwa chake. Naiheshimu sana kazi ile. Nikaenda barazani na kinasa sauti, nikakiweka juu ya meza ya cherehani, nikasema, "Baba, mtu ni nini?"

Akaendelea kukanyaga. Mshono ulipofika mwisho akauma uzi, akaniangalia juu ya miwani.

"Mwalimu," alikuwa akiniita hivyo, na kwake hakuna cheo kilichokizidi hicho, "unaniuliza au unaniandika? Kama unaniuliza, zima hicho."

Nikazima. Alichoniambia baada ya hapo hakimo katika maandishi yangu yoyote, wala hapa hakitakuwamo.

Kiharusi kilimkuta akiwa anatia uzi kwenye sindano. Upande wa kulia ulikufa, na ndio uliokuwa na mkasi. Kwa miezi 14 nilikuwa mtu wa mabasi: Ijumaa jioni Tanga, Jumapili usiku Dar es Salaam, na insha za wanafunzi nazisahihisha mapajani. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alibaki na watoto watatu na nyumba nzima. Binti yetu mdogo aling'oka jino la kwanza mimi nikiwa Segera. Mama alimgeuza baba, akamwogesha, akamlisha, na pale tu alipozidiwa ndipo tulipompeleka hospitali, ambako alilazwa mara tatu.

Maneno yalimpungua mwezi hadi mwezi. Zamani kila simu yake ilianza na "Uko wapi?", hata akijua kabisa niko ofisini. Sasa simu hazikuwapo tena. Pwani tunasalimiana "Upo?" na mtu hujibu "Nipo", na hiyo ndiyo salamu iliyobaki kati yetu. Kila asubuhi niliinama sikioni: "Shikamoo baba. Upo?" Midomo ilijikusanya, ikachelewa, kisha: "Nipo."

Jioni ya siku ile niliyomwita kitanda nilikuwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Wageni walikuwa wameshaondoka, taa ya kati inamemeta. Nikainama.

"Baba, upo?"

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala.

"Nimo," akasema.

Sijui kama alilichagua. Kiharusi huchanganya maneno, na daktari alikwisha kunionya nisitafute maana katika kila sauti. Ninachojua ni kwamba kwa miezi mingi jibu lake lilikuwa moja, na jioni ile lilikuwa jingine. Alikuwa amelala na mwili ambao nusu yake haikumtii, mdomo umepinda, shuka la hospitali limefika kidevuni, na humo ndani alikuwamo. Niliushika ule mkono wa kulia uliokuwa hausikii, nikakaa nao mpaka adhana ya isha.

Kesho yake sista aliuliza vilevile. Nikasema, "Baba amekula, sista. Robo kikombe." Akaandika, akapita. Siku ya tatu alikuja na daftari lake lilelile, akasimama miguuni mwa kitanda. "Kaka, mzee amekulaje leo?" Sikuwa nimemwambia kitu zaidi ya lile jibu.

Baba alifariki alfajiri ya Alhamisi. Kuanzia saa ile kila mtu aliyenipigia alizungumza kuhusu mwili. Mwili unatoka saa ngapi, mwili umeshafika, mwili utaswaliwa msikiti gani. Nami nilijibu hivyohivyo, ndivyo watu wanavyosema, na pengine ni njia ya kupita katika saa hizo bila kuanguka. Lakini kilipofungwa chumba cha kuoshea, tukiwa watu wanne, lugha ilibadilika. Mzee aliyekuwa akituongoza alimimina maji kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe, akaona kama si ya baridi sana. "Mgeuzeni," akasema. "Taratibu. Mshikeni shingo, asiumie." Tumefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na yule mzee hakuhitaji kutukumbusha, alitukumbusha kwa vile vitenzi. Magazeti yetu huandika kwamba maiti imeokotwa. Katika chumba kile hakuna aliyesema igeuzeni. Nilimwosha mkono wa kulia. Kwenye kidole gumba sugu ya mkasi ilikuwa bado ipo, ngumu kama kifungo, baada ya miezi 14 bila kushika mkasi.

Tulimzika alasiri.

Usiku wa hitima, vyombo vimeoshwa na wageni wamelala, nilikaa na mke wangu uani. Nikamweleza lile swali la mbwa wangu na baba yangu, na nikamweleza jibu nililolipata njiani na kulipenda. Nilisema: mke wangu, mume wangu, mtoto wangu, hawa tunawapata katika maisha yetu, wanakuja baada yetu. Baba yangu, mama yangu, bibi yangu, hawa tumewakuta, kama tulivyoikuta nchi na nyumba tuliyozaliwa ndani yake. Ndiyo maana tunawasemea kama tunavyoisemea nchi. Nilikuwa na msiba, na jibu lile lilinifariji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, "Na mjomba wangu? Mjomba nimemkuta. Shangazi yangu pia nimemkuta, mbona mmoja anachukua hivi na mwingine vile?" Nikanyamaza. Akaongeza: "Rafiki yangu nimemchagua mwenyewe. Na adui yangu je?"

Jibu langu lilikufa pale uani, na nilimshukuru. Wanasarufi walikwisha kutuambia: ni mambo ya ngeli ambamo majina hayo yameingia, historia ya maneno tu. Mjomba ana m- yake, shangazi hana. Humo hamna siri ya wahenga, na mtu anayeichimba anachimba alichokizika mwenyewe. Hountondji alikuwa na haki.

Lakini kijana wangu wa nukta nundu naye alikuwa na haki, na miaka yote ile nilikuwa sijaona kwamba hawa wawili hawapingani. Pale lugha inapokulazimisha, wewe hujasema kitu. Ukisema baba yangu hujamdharau baba, kwa sababu huna njia nyingine. Ni pale lugha inapokupa njia mbili, amekuja au kimekuja, mgeuze au igeuze, kitanda kimekula au mzee amekula, ndipo unapoanza kutenda, na kitendo kina mwenyewe, kinaweza kuulizwa na kulaumiwa. Falsafa yetu naitafuta hapo siku hizi, kwenye zile njia panda ndogo ambazo mtu huzipita mara mia kwa siku. Wanafunzi nimewapa kazi ya kwenda kuzisikiliza sokoni, kwenye daladala, kwenye korido za ofisi, na kuniletea: nani alikuwa na njia mbili, na alishika ipi? Daftari wanazonirudishia zimejaa, wanaandika kwa Kiswahili pembeni na Kiingereza katikati, na wanabishana mpaka kengele.

Binti wa safu ya pili nilimpelekea jibu lake. Alisema halijamtosha, anataka kuandikia tasnifu. Nimekubali kumsimamia.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikuwa Tanga, barazani, nafungua sanduku la nguo ambazo wenyewe hawajazichukua. Akaja kijana, mrefu, begi begani, ngozi imepigwa na jua la baharini.

"Shikamoo. Fundi yupo?"

"Marahaba," nikasema. "Fundi hayupo."

"Basi nitamngoja." Akakaa kwenye benchi. "Nilimwachia suruali kabla ya safari. Kazi za melini, mwaka na zaidi sijarudi. Najua ataniwekea tu."

Nilitafuta maneno nikayakosa. Aliyejibu ni mama, kutoka ndani, nyuma ya pazia. "Fundi ametutoka, mwanangu. Wiki ya tatu sasa. Kaa, usiondoke."

Kijana akasema inna lillahi, akavua kofia, akabaki kaishikilia kwa mikono miwili. Mama akamletea maji. Kisha nikaanza kutoa nguo moja moja, nasoma vile vitambaa vyeupe. Mama anayecheka, siye. Bwana asiyetaka mfuko, siye. Cha tano au cha sita kilikuwa kwenye suruali ya bluu, wino umefifia kidogo: "Kijana wa meli. Mguu wa kushoto anaukanyaga kwa woga. Kushoto punguza nusu inchi, usimwambie."

Sikukisoma kwa sauti. Nilichomoa pini, nikampa suruali, akaingia chumba cha mbele kuijaribu. Alipotoka nilimtazama miguuni, nikaona kweli anachechemea, kidogo sana. Pindo zote mbili zilikuwa zimegusa viatu sawasawa.